Maswali yenu: vitamini za vifaranga wa samaki, na kwa nini zilizoandikwa kwenye mfuko sio zinazofika mdomoni

Habari zenu wafugaji wenzangu. Mwezi huu nilipanga tuongelee maji lakini barua zimenizidi, karibu zote zinauliza vitamini kwa namna moja au nyingine, mmoja vifaranga wake wamepinda migongo, mwingine wake wanazunguka kama pia, mwingine anataka kujua kama asage vidonge vya watu awape samaki. Kwa hiyo maji yatasubiri. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana nimeanza kufuga kambale, vifaranga wangu wako kwenye matangi ya ndani, maji masafi kabisa nabadilisha kila siku, hamna mwani wala nini. Chakula natengeneza mwenyewe kwa soya, unga wa samaki na pumba, napika kama ugali mlaini halafu naanika, na vitamini C ya unga natia wakati inachemka ili ichanganyike vizuri. Wiki sita za mwanzo mambo yalikuwa safi. Wiki ya saba nikaanza kuona mmoja mmoja mgongo umejikunja kama herufi S, wengine juu ya kichwa kama pana ufa. Jirani anasema nimeuziwa mbegu mbaya. Ni kweli? Na hawa waliopinda nikiwapa vitamini watanyooka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndo linaloumiza zaidi: hapana, hawatanyooka. Mfupa wa kifaranga ukishakomaa ukiwa umepinda ndo basi, vitamini utakayotoa leo inamwokoa yule ambaye mgongo wake bado umenyooka, na ndo maana nataka uchukue hatua leo hii usingoje mfuko uishe.

Sasa la mbegu. Jirani yako hajaongea upuuzi, mgongo kupinda kuna sababu nyingi, kuna urithi, kuna mayai kutotolewa kwenye maji ya joto kupita kiasi, kuna upungufu wa fosforasi, hata shoti ya umeme ndani ya maji inavunja uti wa mgongo wa samaki. Ila soma tena ulichoniandikia mwenyewe. Wiki sita walikuwa wamenyooka! Kasoro ya mbegu au ya utotoleshaji mara nyingi unaiona mapema, kifaranga anapomaliza kile kiini cha yai alichozaliwa nacho au siku chache baadaye, hii ya kwako imekuja taratibu mmoja mmoja baada ya wiki kadhaa za kula chakula kilekile, na huo ufa wa kichwani kwa kambale umehusishwa na upungufu wa vitamini C miaka mingi. Washike wachache uwaangalie kwa karibu, ukikuta vifuniko vya matamvua vimekuwa vifupi hadi matamvua yanaonekana kwa nje, na vidoa vya damu pale mapezi yanapoanzia, basi sina shaka tena.

Unajiuliza mbona natia vitamini C na bado inakosekana. Mwanangu, unaipika. Vitamini C ya kawaida ndo dhaifu kuliko zote, joto linaiua, unyevu unaiua, hewa inaiua, na ikigusana na shaba au chuma inaisha haraka zaidi, sasa wewe umeitia kwenye uji unaochemka halafu ukaanika huo uji kwenye hewa, kilichobaki mle ni kidogo sana kama kipo. Hata viwandani wanaolipia mashine nzuri wakitumia ile ya kawaida wanapoteza nusu au zaidi kwenye kutengeneza na kuhifadhi peke yake.

Na kifaranga hana njia nyingine ya kuipata. Kuku na mbuzi wanajitengenezea vitamini C mwilini mwao, samaki karibu wote tunaofuga hawana kimeng'enya cha kumalizia kazi hiyo, wako kama sisi binadamu (samaki wa kale kama stajoni ndo bado wanaweza). Kazi yake kubwa ni kusaidia mwili utengeneze kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi, mishipa na mfupa, madini ya mfupa yanahitaji wavu wa kolajeni wa kukalia. Binadamu akikosa tunasema ana kiseyeye, fizi zinatoka damu na vidonda haviponi. Kifaranga yeye yuko kwenye umri wa kuongeza mfupa kila siku inayopita, kwa hiyo akikosa, mfupa unajengwa bila wavu, misuli inauvuta huku na huku na unakubali. Samaki mkubwa aliyekwisha kukua anaweza kula chakula hichohicho miezi usione kitu.

Fanya hivi. Tafuta vitamini C iliyofungwa na fosfeti, waulize wauza premiksi za mifugo (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuongeza kwenye chakula) ile inayovumilia joto, mwilini mwa samaki fosfeti inakatwa na vitamini inabaki huru. Mahitaji ya aina nyingi za samaki ni kati ya miligramu 20 na 50 kwa kila kilo ya chakula, hiyo ni ile inayofika mdomoni, ndo maana kwa chakula cha vifaranga cha kujitengenezea mimi napenda uweke 200. Hesabu yake ni rahisi: kilo 10 za chakula mara miligramu 200 ni gramu 2 za vitamini yenyewe, lakini unga wa fosfeti haujai vitamini mtupu, kama lebo imeandikwa asilimia 35 basi unagawa 2 kwa 0.35 unapata karibu gramu 6 za unga. Pika chakula chako, kaushe, kipoe kabisa, ndo unyunyize huo unga ukichanganya taratibu, halafu malizia na mafuta mabichi mililita 100 hadi 200 yakizungushwa juu ya chakula chote, mafuta yanaishika vitamini isitoke haraka majini. Kama fosfeti hupati tumia ile ya kawaida kwa njia hiyohiyo ya baada ya kupoa, ila tengeneza kidogo kidogo cha siku chache tu.

Waliopinda wauze kwa kula wakifika ukubwa kama wanakula vizuri. Usiwaweke kuwa wazazi, hapo ndo utashindwa kujua siku nyingine kama ni urithi au ni chakula.

SWALI: Nina chakula cha kiwandani cha vifaranga, lebo imeorodhesha vitamini A, D3, E, K, C na zote za kundi B. Nilinunua mifuko mingi kwa pamoja nikaweka stoo ya mabati. Sasa ni mwezi wa saba. Vifaranga wa perege wanakula lakini wamedumaa, rangi imefifia, na wale wakubwa kidogo mgongo umekuwa mwembamba kama kisu. Kiwanda kimenidanganya?

JIBU: Dada yangu, kiwanda huenda kilisema kweli kabisa, ya siku ile mfuko uliposhonwa. Lebo inakuambia kilichochanganywa, haikuambii kilichobaki baada ya miezi saba chini ya bati. Hili nalisema kila mwaka na nitaendelea kulisema kwa sababu linaua vifaranga wengi kuliko magonjwa mengi tunayoyaogopa.

Mle ndani ya mfuko kunatokea mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Vitamini C na thiamini (vitamini B1) zinapungua kwa joto na unyevu. Mafuta ya chakula yanachacha, na mafuta yakichacha kitu cha kwanza kinacholiwa ni vitamini E, maana kazi ya vitamini E ni kujitoa mhanga ili mafuta yasiharibike, ikiisha kwenye mfuko samaki naye anakula mafuta machachu bila kinga yoyote mwilini. Mgongo mwembamba kama kisu ndo unaonitia wasiwasi hapo. Wajapani walikuwa nao ugonjwa huu kwa samaki aina ya kapu waliolishwa pupa (hatua ya baada ya buu) za nondo wa hariri ambazo mafuta yake yalikuwa yamechacha, wakauita sekoke, misuli ya mgongo ilikuwa inanyauka, na dawa yake ikawa vitamini E. Mahitaji ya kawaida ni karibu miligramu 50 kwa kilo, kwa kapu 100, na chakula kikiwa na mafuta mengi ya samaki yanapanda zaidi.

Nusa mfuko wako. Ukisikia harufu ya rangi ya kupakia ukuta au mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi, usiwape hata punje, na usijaribu kukiokoa kwa kuongeza vitamini juu, mafuta machachu yataimaliza hiyo mpya pia. Najua inauma. Niliwahi kupoteza kundi zima kwa sababu niliona uchungu kumwaga mifuko minne, na bado nawakumbuka.

Kwa mfuko mpya: chumba chenye hewa na kivuli, juu ya mbao sio sakafuni, usigusane na ukuta, ulioingia kwanza utoke kwanza, na usipitishe miezi mitatu tangu kutengenezwa. Ukishaufungua uufunge mdomo kila ukichota. Juani usianike chakula kilichokwisha tiwa vitamini, mwanga unaharibu riboflavini, A, E na K.

Na wale mnaonunua premiksi ya vitamini peke yake mkae nayo, kolini isikae kwenye kopo moja na vitamini nyingine kwa muda mrefu. Kolini kloridi inavuta maji kutoka hewani na kuharibu majirani zake. Madini nayo hivyohivyo, shaba na chuma vinachoma vitamini C. Vichanganye siku ya kutengeneza chakula.

SWALI: Mtaalamu naomba kuuliza, naweza kusaga multivitamini za watu nikamwaga kwenye tangi? Vifaranga wangu wana wiki mbili.

JIBU: Usimwage. Samaki wa maji baridi (yasiyo na chumvi) hanywi maji ya maana, maji yanamwingia yenyewe kupitia matamvua na ngozi na kazi yake kubwa ni kuyatoa, kwa hiyo vitamini uliyomwaga inalisha bakteria na mwani, yeye anaambulia kidogo mno. Vitamini ya kifaranga inapita mdomoni, ndani ya chakula. Pia vidonge vya watu vimepangwa kwa mahitaji ya watu, kimoja kina vitamini A nyingi, kingine kina chuma ndani yake ambacho nimeshasema hapo juu kinafanya nini kwa vitamini C, utakuwa unabahatisha tu.

Ila kuna jambo moja la kweli kwenye wazo lako na nataka ulijue. Kuna hali moja ambapo kuwaogesha vifaranga kwenye vitamini kunafanya kazi, ni samoni wachanga ambao bado wana kifuko cha kiini, wakiwa wamezaliwa na upungufu wa thiamini. Hao wanawekwa kwenye maji yenye thiamini na wanapona. Nitalieleza kwenye barua inayofuata maana imenipa nafasi nzuri.

SWALI: Nafuga samaki walao nyama. Vifaranga nawalisha samaki wadogo wabichi waliosagwa, ni protini tupu, walikua haraka sana mwanzoni. Sasa wameacha kula, wengine wanaogelea upande upande, ukigonga tangi wanashtuka wanazunguka kwa kasi kisha wanazama chini kama wamekufa, baada ya muda wanaamka. Nimeweka chumvi, nimeweka dawa ya minyoo, hakuna kitu.

JIBU: Kaka, pole sana, hiyo ya kuzunguka ukiiona mara moja huisahau. Dawa ulizoweka hazijagusa tatizo kwa sababu naona tatizo liko kwenye huo mlo wa samaki wabichi.

Aina nyingi za samaki wadogo, na jamii ya kapu pia, wana kimeng'enya kinaitwa thiaminasi, kazi yake ni kuvunja thiamini, yaani vitamini B1. Ukiwasaga wabichi kimeng'enya kinachanganyikana na mlo wote na kinaendelea kukatakata B1 ndani ya ndoo, tena hata B1 uliyoongeza wewe. Kifaranga anahitaji kidogo sana, kama miligramu 1 tu kwa kilo ya chakula, lakini hana akiba, vitamini za kundi B zinayeyuka majini na mwili hauzitunzi kama A, D, E na K zinazolala kwenye ini na mafuta. Na ubongo na mishipa ya fahamu ndo vinaumia kwanza bila B1, ndo hiyo kushtuka na kuzunguka.

Mambo haya yametokea hata baharini bila mfugaji yeyote kuhusika. Mwaka 1974 kwenye vituo vya kutotolesha samoni wa Bahari ya Baltiki huko Uswidi waliona vifaranga wanakufa kabla hata ya kumaliza kiini, wakauita ugonjwa M74, ilichukua miaka kujua kwamba mama zao walikuwa na upungufu wa thiamini kutokana na samaki waliokuwa wakila, mayai yakatoka hayana kitu. Samoni na trauti wa yale maziwa makubwa ya Marekani ya Kaskazini nao walipata jambo kama hilo kwa kula samaki wenye thiaminasi. Hapo ndo kuogesha kwenye thiamini kulipookoa vifaranga. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba akiba ya kwanza ya kifaranga inatoka kwa mama, ukimlisha mama vibaya hata chakula kizuri cha wiki ya pili kinaweza kuchelewa.

Kwako dawa ni jiko. Pika hao samaki mpaka waive kabisa ndani, kimeng'enya kinakufa kwa joto, acha wapoe halafu ongeza B1 na kundi B lingine pamoja na C. Wanaokula bado uwape hicho leo jioni. Wale walioacha kula kabisa sikufichi, wengi watakwenda. Wanaopona unaona mabadiliko haraka, kama baada ya wiki mbili hamna nafuu basi niandikie tena, kwa sababu upungufu wa B6 nao unaleta kifafa kinachofanana na hiki, hasa kwa vifaranga wanaokula protini nyingi maana B6 ndo inafanya kazi ya kuchakata protini, na kwa trauti kuna kimelea kinachowafanya wazunguke vilevile. Na amonia pima.

SWALI: Vifaranga wanapanda juu wanahema haraka, matamvua yamevimba. Oksijeni nimepima iko vizuri. Nimeambiwa ni vitamini, ni kweli?

JIBU: Inaweza, lakini isiwe jibu la kwanza. Anza na amonia, kisha mtu mwenye hadubini akuangalizie vimelea na bakteria kwenye matamvua. Vyote hivyo vikitoka safi, ndo tunaingia kwenye asidi ya pantotheni, moja ya kundi B. Ikikosekana vile vijani vyembamba vya matamvua vinavimba ncha na kushikana, yanakuwa kama rungu, sehemu ya kupitisha oksijeni inakwisha, kwa hiyo maji yana oksijeni tele na samaki anakosa pumzi. Wafugaji wa trauti wanaujua vizuri. Mahitaji ni miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kutegemea aina, kapu akiwa juu zaidi. Inawapata wachanga haraka kuliko wakubwa.

SWALI: Mwenzangu ana bwawa la kijani, vifaranga wake wa perege anawapa pumba tu na wanakua vizuri bila premiksi yoyote. Mimi nina tangi la saruji, nawapa pumba hizohizo wanakufa. Tofauti ni nini?

JIBU: Hiyo kijani. Mwenzako hawalishi pumba tu, anawalisha plankitoni, vile vimea vidogo vya kijani na vidudu vidogo vinavyoogelea vina karibu vitamini zote ambazo kifaranga anazitafuta, tena mbichi, havijapita kwenye mashine wala stoo, vinaliwa vikiwa hai. Ndo maana vituo vinavyolea vifaranga wadogo sana wa baharini vinaanza na rotifa na atemia (vidudu vidogo vya majini vinavyoliwa hai) kabla ya unga. Yai la atemia lina vitamini C imefungwa kwa namna ambayo haiharibiki hata likikaa kavu kwenye kopo, likianguliwa inafunguka yenyewe. Mi huwa nastaajabu kila nikilifikiria.

Tangi la saruji lenye maji meupe halina hifadhi hiyo, kila kitu kinatoka mkononi mwako. Kwa hiyo wewe unahitaji chakula kamili chenye premiksi, na mwenzako naye asijisahau, akiongeza vifaranga kwenye bwawa lilelile plankitoni ya kila mmoja inapungua na dalili zitakuja. Kipimo chake rahisi ni mkono, azamishe polepole kiganja kikiwa kimefunguka, kikipotea kwenye sentimita 25 hadi 40 kijani kinatosha, kikionekana hadi kwenye bega bwawa halina kitu.

Halafu kwenye barua yako umesema unawawekea chakula kingi asubuhi kimalize siku. Acha hiyo. Unga wa vifaranga ni punje ndogo mno, punje ndogo ina ngozi kubwa ukilinganisha na tumbo lake, ikigusa maji vitamini C na kundi B zinaanza kutoka hapohapo, baada ya saa moja kifaranga anakula punje iliyooshwa. Wape kidogo kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika chache ukiwa umesimama pale. Hili pekee linaweza kukuletea nafuu kabla hujabadilisha hata chakula.

SWALI: Ili kuwa salama mimi nazidisha premiksi mara tatu. Kuna ubaya?

JIBU: Kwa C na nyingi za kundi B utapoteza pesa tu, ziada inatoka. Kwa A na D utaumiza, hizo zinatunzwa na ini na zinajaa. Vitamini A ikizidi kwa vifaranga inapotosha mifupa, pingili za mgongo zinaungana, imeonekana vizuri kwa samaki bapa wa baharini wakiwa wachanga kabisa. Unaona mtego ulipo? Mtu anaona migongo imepinda, anadhani ni upungufu, anazidisha premiksi yote mara tatu, na A inakuja kupinda mingine. Ukitaka kuongeza C ongeza C peke yake.

Mnaniuliza sana viwango hivi vinatoka wapi. Mwaka 1957 mtafiti wa Marekani John Halver alitoa matokeo ya kulisha samoni wachanga mlo uliotengenezwa kwa viungo vilivyosafishwa, akiondoa vitamini moja moja za kundi linaloyeyuka majini aone kitakachotokea, na njia hiyo ndo ikafuatwa kwa samaki wengine. Trauti wakapangiwa A ya uniti 2500 hivi kwa kilo, kambale wa Marekani 1000 hadi 2000, D kwa kambale huyo ni uniti 500. Takwimu nyingi zimepimwa kwa samaki wadogo ambao wanaonyesha upungufu upesi, kwa hiyo kwa vifaranga zinafaa, ila zimepimwa maabara, chakula kipya kila wakati. Premiksi ya kiwanda imeshazidishiwa kufidia njiani, fuata kipimo chake.

SWALI: Nawapa vifaranga yai bichi, lote, limepigwa. Sawa?

JIBU: Chemsha. Ute mbichi wa yai una avidini, inakamata biotini na kifaranga anaitoa bila kuitumia, ngozi inafifia na ukuaji unasimama. Joto linaondoa avidini. Na hata likichemshwa usitoe lote, kiini pekee kilichopondwa kwenye kitambaa chembamba, kwa siku chache za mwanzo, maana kinachafua maji haraka.

SWALI: Matangi yangu yako ndani gizani, vifaranga watapata wapi vitamini D? Niwatoe juani?

JIBU: Usihangaike, samaki hategemei jua kama sisi, D yake inatoka kwenye chakula. Hakikisha lebo imeandikwa D3, anaitumia vizuri kuliko D2.

SWALI: Premiksi niliyopata ya perege haina B12 kabisa. Nimeibiwa?

JIBU: Perege wa Naili ana bakteria tumboni wanaomtengenezea B12 ya kumtosha, mradi kobalti ipo kwenye chakula. Angalia upande wa madini kwenye lebo, kama kobalti ipo endelea nayo. Ukihamia kufuga samaki wengine ndo utafute yenye B12.